Trekta imepita shamba yangu misimu mitatu na mahindi bado inakauka na mvua iko. Wenye kujua plau kujeni hapa

Mkulima_wa_Simu (mwenye uzi), Julai

Wasee habari za usiku. Niko na swali ndefu kidogo mnivumilie.

Naishi Umoja, kazi ni tao, lakini shamba iko nyumbani Mwala, eka mbili na nusu, mzee alituachia. Enzi za mzee ilikuwa inalimwa na ng'ombe, plau ile ya mikono miwili, na sikumbuki tukinunua mahindi dukani. Mzee akaenda, ng'ombe zikauzwa za karo, sasa ni misimu mitatu natuma pesa kwa M-Pesa, mtu wa trekta anakuja na plau ya diski tatu, anamaliza asubuhi moja, 3,500 kwa eka, ananitumia picha. Na picha inakuanga safi, udongo mwekundu umefunguka mpaka unatamani kuula.

Sasa shida ni hii. Mvua ya mwezi wa kumi inakuja, mahindi inaota vizuri, ikifika magoti inasimama hapo hapo. Ikinyesha maji yanatuama juu kama Outering mitaro ikiziba, halafu jua likiwaka wiki mbili tu majani inajikunja kama sigara. Kwa jirani, mama mmoja anatumia punda, na shamba yake ukiiangalia kabla ya kupanda utadhani hata haijaguswa, yake iko kijani. Mbegu ni ile ile Katumani, tulinunua duka moja, na mbolea mimi ndio niliweka mingi.

Nimetenga 28,000. Ninunue plau ya ng'ombe nirudie mambo ya mzee? Niongeze haro, ile ya kuvunja mabonge, juu ya trekta? Kuna mtu kazini ananiambia nitafute rotaveta inasaga udongo unakuwa kama unga wa chapati. Nisaidieni kabla pesa haijaisha na vitu vingine.

Kahawa_Tungu

Swali moja tu bosi, hizo mara tatu trekta ikilima wewe ulikuwa umesimama hapo?

Mkulima_wa_Simu

Hapana. Ndio maana jina langu liko hivyo 😅

Kahawa_Tungu

Basi hukulimiwa, ulitumiwa picha.

Diski_Tatu

Acha niongee mimi nimeendesha trekta miaka tisa, Njoro, Mau Narok, sasa niko Ruiru nimeacha hiyo kazi kwa hivyo siogopi kuaibisha mtu.

Dreva analipwa kwa eka, halipwi kwa inchi. Akishusha plau mpaka inchi nane au tisa trekta inalia, dizeli inaenda, mwendo unapungua. Akiinua kidogo ibaki inchi nne au tano anapita kama yuko Thika Road. Ukiwa mbali huwezi jua kwa sababu juu kote ni kwekundu. Na kuna ingine mbaya kuliko hiyo, anaacha kautepe katikati ya mpito na mpito ambako hakajaguswa, halafu udongo wa diski unarushwa unakafunika. Ukipita juu unaona kumelimwa. Ukiingiza fimbo ndio unakutana na uwongo.

Kitu kingine watu hawajui, plau ya diski haijivuti chini yenyewe. Ile ya ubao, yaani bamba la chuma la kupindua udongo, hata ya ng'ombe, iko na ncha inayoangalia chini, ukiivuta inajizika. Diski inaingia kwa uzito wake na vile umeilaza tu. Ndio unaona madreva wakifunga mawe ama tairi iliyojazwa simiti juu ya fremu ardhi ikiwa kavu. Diski ikishalika, ukubwa umepungua na makali imekuwa mviringo kama sahani ya hoteli, hapo hata ufunge jiwe la kaburi haiingii, inateleza tu juu ikikanyaga udongo wa chini. Lakini sitaki mseme diski ni mbaya. Kwenye mawe na visiki hakuna kama hiyo, inapanda juu ya kisiki na kushuka, ya ubao ingevunjika.

Siku nyingine simama hapo. Dreva akifika mpito wa tatu mwambie asimame, shuka kwenye mtaro, weka rula ya shule kwenye ukuta ambao haujalimwa. Akikasirika umeshapata jibu.

Mkulima_wa_Simu

Wueh. Misimu mitatu.

Mama_Sukuma_Githurai

Mimi ni rotaveta nataka kuongelea, kijana tafadhali usithubutu kama uko na thangari, ile nyasi sugu. Nilikodisha robo eka huko Githunguri nikaletewa rotaveta, siku ya kwanza nikapiga picha nikaweka stetasi, ilikuwa inapendeza kama kitanda cha hoteli. Kumbe ile mizizi nyeupe ya thangari chini ikikatwa vipande ishirini kila kipande kinakuwa nyasi yake. Baada ya wiki tatu nilikuwa na zulia. Nililipa vibarua kung'oa na uma siku sita, pesa ya rotaveta ikawa kama utani.

Maksai_Wawili

Nimesoma nikaona niingie, maana nyinyi vijana mnaongea plau ya ng'ombe kama kitu cha makumbusho. Mimi ni mtu wa Kangundo, nilistaafu serikalini, niko Kayole, na nimeshika plau tangu nikiwa darasa la tano, mdogo wangu akiongoza ng'ombe mbele na marehemu baba akiita kila maksai jina lake.

Kabla hujanunua jua kazi yake. Plau moja ya ng'ombe inakata upana kama sentimita 22. Eka ni mita mraba 4,047. Gawanya mwenyewe uone, mwenye kushika mikono anatembea zaidi ya kilomita 18 kwa eka moja, ni kama kutoka tao ukaribie Kahawa, na si lami hiyo, ni kwenye mtaro huku unapambana na chuma. Diski tatu za trekta zinatembea kama kilomita 5 kwa eka hiyo hiyo. Kwa hivyo ukisikia ng'ombe zililima eka kwa siku moja, uliza zilikuwa ngapi. Sisi tulianza saa kumi na mbili, saa tano jua likiuma tunafungua nira.

Na wengi wanaoishika siku hizi hawajui kuitegea. Wanataka iingie chini wanalala juu ya mikono, mtu anapanda mpaka mtoto akae juu ya plau! Makosa. Pale mbele ambapo mnyororo unashikana kuna matundu. Ukipandisha mnyororo tundu la juu, plau inaingia chini zaidi. Ukirefusha mnyororo, vilevile. Ukipeleka kando unabadilisha upana. Kale kagurudumu ka mbele kanatakiwa kagusie tu, kasibebe mzigo. Ukiona gurudumu linachimba mstari wake mwenyewe jua umetegea vibaya na ng'ombe wanavuta vitu viwili. Plau iliyotegewa vizuri unaishika kwa vidole, inaenda yenyewe, na udongo unalala upande mmoja kama kurasa za kitabu.

Ng'ombe wawili waliofunzwa hupati na hiyo 28,000 yako. Hata mmoja hupati.

Mswahili_South_C

Mzee Maksai shikamoo, hiyo ya kurasa za kitabu nimeipenda.

Mimi kwetu pwani hatukukua na plau, ni jembe la mkono na minazi, lakini nina ugonjwa wa kusoma historia za vyuma. Mnajua plau ya chuma ilipotoka Marekani mara ya kwanza wakulima waliikataa? Charles Newbold alipata hataza ya plau ya chuma cha kusubu mwaka 1797, na inasemekana watu walisema chuma kitatia udongo sumu. Halafu baadaye wakahamia nyanda za kati, udongo mweusi mzito, ule wa kunata, na chuma cha kusubu kikawa kinashika tope kila hatua chache mtu asimame akwangue. Mwaka 1837 fundi chuma mmoja pale Grand Detour, Illinois, anaitwa John Deere, akachukua msumeno uliovunjika wa kiwanda cha mbao akaukunja akatengeneza plau. Ule msumeno ulikuwa umesuguliwa na mbao miaka, laini kama kioo, udongo ukawa unateleza. Ndiyo kampuni hiyo hiyo ya matrekta ya kijani.

Na sasa sikieni upande wa pili. Kwa miaka mia moja walipindua ile nyasi yote. Ikaja ukame wa miaka ya 1930, udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ukawa hauna wa kuushika, upepo ukaubeba. Tarehe 14 Aprili 1935 mchana ukawa usiku kwa vumbi, wakaiita Jumapili Nyeusi. Mwezi huo huo serikali yao ikapitisha sheria ya kuhifadhi udongo.

Kahawa_Tungu

Mtu anauliza mahindi ya Mwala tumefika Illinois. Endeleeni naleta chai.

Fundi_Kamukunji

Huyo wa South C ako sawa na nitawaambia kwa nini. Watu wa Kitengela wananiletea plau wakisema imeharibika haishiki ardhi. Naangalia, haijaharibika, ni ule ubao wa kupindua wamepaka rangi! Ama umekaa nje mvua mbili umeshika kutu. Udongo mweusi ukikuta kutu unashika kama gundi. Naisugua na jiwe la gurainda mpaka ing'ae naiambia mtu akimaliza kulima apake oili chafu ya gari, aweke ndani ya nyumba. Analipa kazi ya dakika ishirini akidhani nimefanya miujiza.

Ile chuma ya chini inayokata ndio inakwisha haraka, kwa mchanga wa Ukambani inaweza kwisha msimu mmoja. Ikilika usitupe, leta tuipashe moto tuigonge ncha irudi mbele. Ukinunua mpya jaribu na faili hapo hapo dukani. Faili ikila kama inakula siagi hiyo ni bati ya mabati, rudisha. Sisi wenyewe tunatengeneza na springi ya lori kuukuu, hiyo haidanganyi.

Ripa_ya_Juja

Mimi nasomea uhandisi wa kilimo hapa Juja, mwaka wa nne. Ndugu mwenye uzi, hawa wote wamekuambia ukweli lakini hakuna aliyeuliza chini ya inchi tano kuko aje.

Usinunue chochote. Wikendi hii panda gari uende nyumbani na jembe na kisu cha jikoni. Chimba shimo la mraba, nusu mita kwenda chini, ukuta mmoja uwe wima na safi. Chukua kisu, anza juu udungedunge ukuta ukishuka kila inchi. Sikiliza mkono wako. Kama kuna mahali kisu kinakataa halafu chini yake kinaingia tena, hapo ndipo mahindi yako yanakufia. Ukipata visiki vya mahindi ya mwaka jana ving'oe polepole uone mizizi imeelekea wapi.

Diski ikipita kina kile kile kila msimu, chini yake udongo unasuguliwa na kukandamizwa, tairi nalo linapita ndani ya mtaro, hasa udongo ukiwa na majimaji. Inakuwa kama sakafu. Huku tunaiita hadipani. Maji hayapiti kwenda chini kwa hivyo yanatuama juu. Mizizi haipiti kwa hivyo jua likiwaka mmea unakunywa kutoka kwa kikombe badala ya mtungi. Hizo dalili mbili ulizotaja, mafuriko na kiu shamba moja, mara nyingi ni kitu kimoja.

Mkulima_wa_Simu

Naenda Jumamosi.

Mkulima_wa_Simu, Jumapili usiku

Apdeti. Nimetoka Machakos stendi sai nimefika nyumba, mgongo umeisha.

Nilichimba tatu, juu, katikati na chini karibu na barabara. Ya kwanza inchi nne za juu ilikuwa unga, kweli unga, nikapuliza ukaruka. Nikagonga jembe likarudi. Nikadhani ni jiwe, nikasogea pembeni, likarudi tena. Nikaenda kuazima mtaimbo. Ukigonga kuna sauti, ta! kama sakafu ya choo ya simiti. Hicho kigamba ni kama upana wa kiganja hivi, kinatoka vipande vipande bapa kama vigae, vimelala. Nikakivunja, sasa hapa ndio nilikaa chini. Chini ya hicho kigamba udongo ulikuwa baridi. Mwezi wa saba, Mwala, mvua ya mwisho ni mwezi wa tano, na udongo ulikuwa baridi na ulishikana kwa mkono. Maji ilikuwa hapo wakati wote na mahindi yangu iko juu inakufa kiu!

Mizizi niling'oa visiki kumi na mbili. Imeshuka kidole kimoja ama viwili, ikifika pale inapinda inaenda kando, kama mguu wa kuku. Mwaitu, mama yangu, alikuwa amesimama hapo na leso yake akaangalia akasema baba yako alikuwa anabadilisha, mwaka huu inchi hii mwaka ujao anashusha mnyororo ama anapandisha, tulikuwa tunadhani ni ng'ombe zimechoka.

Nikaenda kwa yule jirani. Hana plau ya kupindua! Punda wawili wanavuta kitu kama kucha moja nene ya chuma, inapasua mstari tu, katikati hapaguswi. Na anapasua mwezi wa nane, kavu kabisa, watu wakimcheka.

Maksai_Wawili

Mama yako ameongea. Mheshimu.

Ripa_ya_Juja

Hiyo kucha ndiyo ripa, na hakuna cha kucheka, kavu ndio wakati wake. Udongo mkavu ukipasuliwa unavunjika kwa kando pia, nyufa zinaenda mbali. Udongo mbichi unakatika kama sabuni, unaacha mfereji mmoja na kuta zake zimelainishwa, umepoteza pesa. Ni kinyume na plau ya kupindua, hiyo inataka udongo uwe na unyevu kiasi. Chota udongo kutoka kina unachotaka kulima, finya mkononi uwe donge, uguse na kidole gumba. Likisambaratika lima. Likibonyea kama unga wa ugali uliokandwa, rudi nyumbani ukalale.

Kigamba chako kinaishia kama inchi tisa, kwa hivyo ukifika kumi umeshapita, usitafute zaidi, kila inchi unayoongeza mnyama anailipia. Pita mara mbili mstari ule ule, ya kwanza nusu ya pili umalizie. Mistari sentimita 75, ndiyo hiyo utapanda mahindi.

Diski_Tatu

Na aikate kwa kukingama mteremko, wasee wa Ukambani nyinyi ndio mlifundisha dunia fanya juu, yale matuta ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Nimeona shamba imelimwa kutoka juu kwenda chini, dreva anapenda hivyo kwa sababu hageuki sana, mvua ya kwanza ikabeba mbegu na mbolea ikapeleka kwa mto.

Mama_Sukuma_Githurai

Sasa kama katikati ya mistari hapapinduliwi magugu mnayafanyia nini? Au ndio mnunue dawa ya kupulizia kila msimu? Hiyo mbona hamsemi.

Ripa_ya_Juja

Ni kweli mama, hapo ndipo pagumu. Kupindua udongo kunazika magugu, na hiyo ndiyo sababu kubwa watu wakapenda plau. Ukiacha kupindua, misimu miwili mitatu ya kwanza palizi inaongezeka. Inasaidia ukiacha mabua juu yafunike ardhi, na kupanda kunde katikati.

Maksai_Wawili

Mabua yafunike ardhi na ng'ombe wale nini mwezi wa tisa? Kijana wangu, hayo ni mambo ya shamba lenye ua na mlinzi. Kwetu ukivuna tu mbuzi za kijiji kizima ziko hapo.

Ripa_ya_Juja

Mzee hapo umenishika. Hata mwalimu wetu hajawahi kulijibu vizuri.

Mswahili_South_C

Ethiopia wana plau yao ya mti na ncha ya chuma, maresha, ya zamani mno na bado inatumika. Haipindui, inapasua tu, kisha wanarudia kwa kukatiza mara kadhaa kabla ya kupanda teff, nafaka yao. Nimekumbuka tu.

Mkulima_wa_Simu, Novemba

Najua uzi umelala lakini kuna watu wamenitumia mesej wakiuliza iliishia wapi.

Mwisho wa mwezi wa nane niliomba likizo siku nne nikaenda. Eka moja tu nilipasua na ripa ya jirani, punda wake, mimi nikashika mikono siku ya kwanza nikawa natembea kama mlevi, mistari imepinda mpaka watoto wakacheka. Siku ya pili ikanyooka. Kulikuwa na mahali kucha ikikamata kile kigamba unasikia mikononi inatetemeka halafu ghafla inaachia, na punda wanaruka hatua moja mbele. Ile eka ingine na nusu niliacha nikaita trekta tena, mwingine si yule, nikasimama na rula. Alikasirika. Lakini alishusha.

Mvua imeanza wiki mbili zilizopita. Ile ya trekta maji yalituama kidogo pale chini, yakaisha usiku. Ile ya ripa sikuona maji yakituama kabisa. Mahindi sai iko kidole na ni mapema, siwezi kuwadanganya kwamba nimevuna. Jana mwaitu alinipigia akasema ameingiza fimbo yake ya kutembelea kwenye mstari, ikazama mpaka karibu na mkono ikakwama, akaita mtoto amsaidie kuitoa.

Plau sikununua. Fundi nitakuja kukutembelea na ile ya mzee, niliipata nyuma ya ghala imeshika kutu yote, mikono imeliwa na mchwa.

Fundi_Kamukunji

Leta. Usiipake rangi.

Kahawa_Tungu

Na ripa ya jirani ulilipa ngapi?

Mkulima_wa_Simu

Alikataa pesa. Nina deni la debe mbili za ndengu.